Kununua na kutunza msumeno wa mnyororo na vifaa vya kupandia miti

Wakataji wengi wa miti mijini hununua vifaa kwa mpangilio mmoja: kwanza chensoo kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, kisha petroli, kisha kamba ya manila kwa hela iliyobaki. Mwongozo huu unaugeuza mpangilio huo. Ukiwa na mtaji mdogo, anza na vitu vinavyobeba mwili wako ukiwa juu ya mti, fuata na vinavyoukinga, na msumeno uje mwisho. Uwe mdogo kuliko ule unaouota. Msumeno wa kati wenye meno makali utamaliza mwembe wa uani wakati msumeno mkubwa butu bado unatoa moshi kwenye tawi la pili.

Hatua ya 1: Jua unafanya kazi gani

Kupogoa miti ya mjini, kuangusha miti shambani na kupasua mbao ni kazi tatu tofauti, ingawa zote watu huziita "kazi ya chensoo". Mpasuaji wa mbao anahitaji injini kubwa na baa ndefu, yaani lile bamba ambalo mnyororo huzungukia. Anayepogoa mijohoro na miembe kwenye nyua za watu anahitaji wepesi. Ukinunua kwa kumwiga jirani ambaye kazi yake si yako, utabeba chuma usichokihitaji.

Kabla ya kununua chochote ulizia pia sheria. Tanzania Bara, mwone ofisa misitu wa wilaya au TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kuhusu kibali cha kukata na usajili wa msumeno wenyewe. Kenya, anza na serikali ya kaunti. Mti ulio karibu na nyaya za umeme hauguswi mpaka TANESCO, ZECO au Kenya Power waje wazime laini. Mti mbichi hupitisha umeme, na tawi huhitaji kugusa waya mara moja tu.

Hatua ya 2: Mkanda na kamba

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo tukae kidogo.

Mkanda unaouzwa kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi ni ule wa kudaka mtu anayeanguka kutoka jengoni. Pete yake iko mgongoni, na kwenye lebo utaona namba ya kiwango cha Ulaya, EN 361. Kazi yake ni kukuzuia usifike chini. Haukutengenezwa ili uning'inie ndani yake saa nzima ukifanya kazi. Mkanda wa mkata miti una kiti au mikanda mipana ya mapaja, pete mbele ya kiuno na pete mbili ubavuni. Lebo yake huwa na EN 813 pamoja na EN 358. Uvae dukani, uufunge juu ya kitu imara, ukae ndani yake dakika kumi. Ukianza kuhisi ganzi mapajani, jaribu saizi au muundo mwingine. Muuzaji asiyekuruhusu kuujaribu, mwache na mkanda wake.

Kamba ya kupandia iwe ya mm 11 hadi 13, isiyovutika sana, yenye alama EN 1891 aina A. Kamba hizo zimetengenezwa kuhimili si chini ya kilonewtoni 22, yaani uzito wa zaidi ya tani mbili. Urefu uupige hivi: kamba inapanda, inazunguka tawi, inarudi hadi kwako. Mti wa mita 20 unahitaji kamba ya takriban mita 45, na mwisho wa kamba uwe na fundo ili usiuteleze ukaanguka.

Je, ile ya manila ya plastiki? Inafaa kufungia mzigo kwenye kenta. Plastiki yake, polipropilini, huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, wakati poliesta ya kamba za kupandia hustahimili mpaka karibu 250. Fundo la kushikilia, lile linaloteleza ukitaka na kukaza ukiliachia, hutoa joto kubwa la msuguano unaposhuka haraka. Isitoshe, jua letu huila manila. Ukiiona imekuwa ngumu na inatoa unga mkononi, nguvu yake imekwisha. Katani nayo huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Pamoja na kamba kuu, nunua kamba fupi ya mita 3 hadi 5 ya kuzungusha kwenye shina na kujifunga ubavuni. Zipo zenye waya wa chuma ndani. Hizo zinasaidia dhidi ya msumeno wa mkono, lakini mnyororo unaozunguka hauzuiliwi na waya huo. Kanuni ya kazi ni kwamba msumeno haungurumi juu ya mti kabla hujafungwa sehemu mbili: kamba kuu, na kamba fupi. Ukikata moja kwa bahati mbaya, ya pili inabaki.

Karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba na mkanda, ziwe zenye lango linalojifunga lenyewe na linalohitaji miondoko mitatu kulifungua: sukuma, zungusha, fungua. Zile za kufungia funguo au mizigo ya pikipiki, hata zikiwa nene, zisikaribie mkanda wako. Fundo la kujifunza kwanza ni prusiki, lililopewa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931. Lifanyie mazoezi nusu mita kutoka ardhini mpaka mikono ilijue gizani, ndipo uende juu.

Wakwezi wa nazi wa Unguja na Pemba hupanda kwa kitanzi cha kamba miguuni, na hakuna mkanda wa dukani utakaowafikia kwa kasi. Ila ujuzi wao ni wa kupanda, kuangua na kushuka, na mikono yao iko kazini kumshikilia mtu mwenyewe. Ukiongeza msumeno unaonguruma, mikono inakuwa haina nafasi ya kushika mti. Mnazi unaoondolewa kabisa huwa hauna tawi la kufungia kamba, kwa hiyo unatumia kamba fupi mbili kuzunguka shina na miiba ya chuma ya kufunga buti. Miiba hiyo itumie kwa mti unaokufa leo tu. Ukiivaa kupogoa mwembe wa mtu, kila hatua unaacha kidonda kinachoingiza magonjwa, na mwenye mwembe hataelewa kwa nini unakauka baada ya misimu miwili.

Hatua ya 3: Vya kuukinga mwili

Kofia ngumu iwe na mkanda wa kidevuni. Ya fundi ujenzi isiyo na mkanda itatangulia chini kabla yako. Vizibo vya masikio si anasa, kwani chensoo hupiga kelele zaidi ya desibeli 100. Miwani au wavu wa uso, buti ngumu zenye kisigino.

Suruali ya kukinga mnyororo ndiyo wanayoikwepa wengi kwa sababu ya joto. Ndani yake kuna nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta, zikasokotana kwenye sproketi (gurudumu la meno linalouzungusha mnyororo) na kuusimamisha. Ipo aina A inayokinga mbele tu, ambayo ni nyepesi na yenye afadhali kwa anayefanya kazi chini Dar es Salaam au Mombasa. Juu ya mti chukua aina C inayokinga mguu mzima, maana huko msumeno hutokea upande usioutarajia. Usiipige pasi, na ikikatwa mara moja imemaliza kazi yake. Kuishona hakurudishi zile nyuzi.

Nguo hizi unaweza kuzipata mitumba na zikawa nzuri. Kamba na mkanda, hapana. Hujui nani alianguka navyo wala vilimwagikiwa nini.

Hatua ya 4: Kuchagua msumeno

Kwa kazi za chini na matawi ya kawaida, injini ya cc 40 hadi 50 yenye baa ya sentimita 35 hadi 45 inatosha. Stihl MS 250 ni mfano: cc 45.4, kilo 4.6 bila baa na mnyororo, na vipuri vyake havisumbui. Kwa mikaratusi minene na mikwaju, ambayo mbao zake ni ngumu kwelikweli, utahitaji cc 65 hadi 72, kama MS 381 au Husqvarna 272 XP. Ile Stihl 070 ya cc 106, kipenzi cha wapasuaji mbao, ina uzito wa zaidi ya kilo 10, na nyingi zinazozunguka, asili na za kuiga, hazina breki ya mnyororo. Iache porini, kwenye gogo lililolala.

Juu ya mti unatumika msumeno mdogo wenye mshikio wa juu, cc 30 hadi 35, wenye uzito wa karibu kilo 3 na nusu. Ushike kwa mikono miwili hata kama umbo lake linakualika utumie mmoja. Na kabla hujatumia hela huko, nunua msumeno wa mkono uliopinda, ule unaokata unapovuta. Sehemu kubwa ya upogoaji wa uani ni matawi yasiyozidi unene wa kifundo cha mkono, na hayo huyamaliza kwa mkono bila kelele, bila petroli na bila hatari ya kukata kamba.

Ukinunua uliotumika, fanya mambo matatu. Uinue kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia, injini ikiwa imezimwa na ya baridi. Ukidondoka bila ukinzani, mgandamizo umekwisha. Pili, fungua ekzosti uchungulie pistoni. Mikwaruzo ya wima maana yake iliwahi kubana kwa kukosa oili. Tatu, uwashe, uuache ushike silensa, yaani ungurume polepole bila resi. Mnyororo unatakiwa kutulia tuli. Kisha ongeza resi kidogo na usukume breki mbele: mnyororo usimame papo hapo. Breki hiyo ndiyo inayokuokoa pale robo ya juu ya ncha ya baa inapogusa mti na msumeno kuruka kuelekea usoni.

Ukinunua mpya, jihadhari na za kuiga zenye rangi na nembo zilezile. Wakala wa kweli atakuonyesha namba iliyopigwa kwenye bodi, atakupa risiti, na atakuwa na kipuri unachomtajia. Kwangu mimi kipuri ndicho kipimo. Chapa isiyo na plagi wala mnyororo mjini kwako, hata ingekuwa nusu bei, ni ghali.

Hatua ya 5: Mafuta

Injini hizi hazina oili ndani kama ya gari. Zinalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli, kwa hiyo ukikosea mchanganyiko unaua pistoni. Kwa oili nzuri ya 2T (ya injini za mipigo miwili) yenye daraja la JASO FD uwiano ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita, au 100 kwa lita tano. Kwa oili ya 2T ya kawaida, weka 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita. Pima kwa chupa yenye alama. "Kifuniko kimoja na nusu" si kipimo. Watu wa pwani hupenda kuchota oili ya mashine za boti, yenye alama TC-W3. Hiyo ni ya injini zinazopozwa kwa maji. Msumeno unapozwa kwa hewa na huwaka moto zaidi, kwa hiyo isitumike.

Changanya kiasi cha kukutosha wiki chache. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huchelewesha kuwaka na kuacha utomvu kwenye kabureta.

Mnyororo nao una tangi lake la oili, na desturi ya kujaza oili chafu ya gereji imeenea kila kona. Oili hiyo ina vumbi la chuma linalosaga pampu na baa, halafu inakurukia mikononi na usoni, na oili ya injini iliyotumika inahusishwa na saratani ya ngozi. Ukikosa oili maalumu ya mnyororo, tumia oili mpya ya injini ya SAE 30. Kujua kama inafika, elekeza ncha ya baa kwenye ubao mweupe bila kuugusa na uongeze resi: unatakiwa uone mstari wa matone. Usipouona, safisha tundu la oili kwenye baa kabla hujalaumu pampu.

Hatua ya 6: Kunoa

Ukiniuliza jambo moja la kulijua vizuri, ni hili. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao, mnyororo butu hutoa unga. Ukianza kuona unga, au unaanza kuegemea msumeno ili uingie, simama unoe. Kunoa kidogo kila unapojaza tangi ni rahisi kuliko kunoa kwa hasira jioni.

Jino la mnyororo wa kisasa lilitokana na Joe Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, ambaye mwaka 1946 alimtazama buu akitafuna mbao kwa kwenda kushoto na kulia badala ya kukwangua moja kwa moja. Mwaka uliofuata alianza kuuza mnyororo wa muundo huo. Ndiyo maana meno yako yako ya kushoto na ya kulia, na yakitofautiana urefu msumeno unakata kwa kupinda.

Tupa ya duara ilingane na saizi ya mnyororo, ambayo hutajwa kwa inchi: mm 4.0 kwa mnyororo mdogo wa 3/8 ulio kwenye misumeno midogo, mm 4.8 kwa .325, na mm 5.2 au 5.5 kwa 3/8 mkubwa. Namba imeandikwa kwenye boksi, wakati mwingine kwenye baa. Bana baa kwenye jiliwa au kwenye ufa uliokata kwenye kisiki, sukuma breki mbele, na tafuta jino fupi kuliko yote. Hilo ndilo kiongozi. Mengine yote yafuate urefu wake. Sukuma tupa mbele tu, kwa pembe ya nyuzi 30, kutoka ndani kwenda nje ya jino. Ukirudi, inyanyue, maana tupa haikati ikirudi bali inajimaliza. Sehemu ya tano ya tupa ibaki juu ya uso wa jino. Hesabu misukumo, iwe sawa kila jino. Maliza upande mmoja, geuka.

Mbele ya kila jino kuna kidomo kinachoamua jino liingie kiasi gani kwenye mbao. Baada ya kunoa mara tatu au nne, kishushe kwa tupa bapa hadi kiwe chini ya jino kwa mm 0.65 hivi, ukitumia kibati cha kupimia. Kuna wanaokishusha sana ili msumeno "ule haraka". Unakula kweli, lakini unadaka, unatetemeka, na unaruka kirahisi. Jino likibaki mm 4, au likifika kwenye alama iliyochongwa, nunua mnyororo mpya.

Kwa miti ya mjini chagua mnyororo wenye kona za mviringo. Wenye kona kali za mraba unakata haraka zaidi kwenye mbao safi, lakini vumbi la gome huumaliza upesi, na minazi ndiyo zaidi. Halafu kuna misumari. Mwembe wa kando ya barabara umebeba matangazo ya waganga kutoka Sumbawanga, vyumba vya kupangisha na kamba za kuanikia nguo kwa miaka thelathini, na gome limeshafunika nusu ya hiyo misumari. Pita na mkono na jicho kabla ya mnyororo.

Hatua ya 7: Matunzo ya jioni

Fungua kifuniko cha pembeni na ondoa unga uliogandamana na oili, hasa ukitoka kwenye minazi, kwa maana nyuzi zake hujisokota kwenye sproketi. Kung'uta filta ya hewa, au ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni na uikaushe kabisa. Ukiwa na upepo wa kompresa, piga kutoka ndani kwenda nje. Safisha mapezi ya silinda na matundu ya kifuniko cha kuwashia. Geuza baa juu chini ili iliwe sawasawa, na ukwangue uchafu kwenye mfereji wake.

Legeza mnyororo kabla ya kuuhifadhi. Ulioukaza ukiwa wa moto utafupika ukipoa, na nguvu yote itaegemea kwenye kranki. Asubuhi ukaze tena mpaka ushike baa kwa chini lakini uvutike kwa mkono ukiwa na glavu.

Plagi iangalie kila wiki; nafasi yake ni mm 0.5. Nyeusi yenye unyevu maana yake mchanganyiko wa mafuta ni mwingi au filta imeziba. Nyeupe maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, na hilo ndilo la kuogopa. Sproketi ibadilishe ukiona kucha imeliwa mm 0.5, la sivyo itauharibu mnyororo mpya.

Kwa wanaosafiri na mashine: msumeno wenye kabureta ya skrubu uliotegeshwa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, umetegeshwa kwa hewa nyepesi. Ukiupeleka Tanga bila kuutegesha upya, hewa nzito ya huko inazidi mafuta, injini inalia kwa sauti ya juu, inachemka, na pistoni inabana. Mwambie fundi autegeshe pale unapofanyia kazi. Misumeno mipya yenye kabureta ya kielektroniki hujirekebisha yenyewe.

Hatua ya 8: Matunzo ya kamba na mkanda

Kabla ya kila kupanda, pitisha kamba yote mkononi, mita kwa mita, macho yakifuata. Unatafuta sehemu bapa, laini kupita kawaida, ngumu kama imeyeyuka, au nyuzi za ndani zinazochungulia. Kwenye mkanda kagua mishono na mahali pete zinapokaa. Karabina ziachie lango lake mara kadhaa. Lisilojifunga lenyewe lioshwe, na likiendelea kugoma iondoke kazini. Uingereza sheria inataka vifaa vinavyobeba watu vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6. Hakuna anayekuzuia kufanya hivyo Morogoro, na daftari lenye tarehe ya kununua na ya kila ukaguzi linatosha.

Kamba ikichafuka ioshe kwa maji yasiyozidi nyuzi joto 30 na sabuni ya kawaida. Jiki, hapana. Ianike kivulini. Isafirishe kwenye mfuko wake, mbali na galoni la petroli na mbali zaidi na betri ya gari: tindikali ya betri huila nailoni bila kuacha alama unayoweza kuiona. Kamba ya kushushia matawi iwe nyingine, ya rangi nyingine, na isitumike kubeba mtu hata siku moja.

Watengenezaji wengi huvipa vifaa vya nguo ukomo wa miaka 10 hata vikikaa kabatini. Kwenye kazi ya kila siku na jua hili, usitegemee hata nusu yake. Kamba iliyodaka mtu aliyeanguka vibaya, iliyoguswa na mnyororo au iliyomwagikiwa tindikali inaondoka siku hiyohiyo. Ikate vipande vya mita moja moja kabla ya kuitupa au kumpa mtu wa kufungia mbuzi. Ukiiacha nzima, kijana wako wa kazi ataiokota na kupanda nayo.